Nani Anamfukuza Huyu Mtoto

Endagikot, jioni kabla hujaondoka

Mwanangu Sesilia,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia upesi. Atakulisha, atakuombea, kisha atakulisha tena. Nami nimekaa kwenye kigoda hapa mlangoni pa jiko, penye mwanga, niandike kabla jua halijazama nyuma ya mikaratusi. Baba yako yuko uani anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli yako. Ameupaka asubuhi, ameupaka mchana, na sasa anaupaka tena. Mwache. Kila mtu ana namna yake ya kuaga.

Mambo ya blanketi, ya dawa, ya kupiga simu Jumapili, sitayaandika. Umeyasikia mpaka umechoka, na ukiyasahau utajifunza kwa baridi na kwa homa kama sisi sote. Nataka kukuandikia yale ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo nakatika katikati, naishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na Babati. Unajua kwamba niliwahi kukimbia. Watu wa hapa wamekusimulia, na wakisimulia wanaongeza chumvi. Nilikuwa kidato cha pili, miguu mirefu kama yako, nimezoea kukimbia kwenda shule na kurudi kwa sababu nyumbani hakukuwa na saa na kila siku nilijiona nimechelewa. Nikachaguliwa kwenda mashindano ya mkoa, mita elfu tatu. Babu yako akaomba nafasi kwenye lori la shule, akapanda na lile koti lake zito, ingawa Babati kuna joto kuliko huku kwetu.

Filimbi ilipolia niliondoka kama mbuzi aliyefunguliwa zizini. Watu walishangilia. Sikuwahi kushangiliwa na watu wengi namna ile, na nikadhani ile kelele ni nguvu yangu mwenyewe. Mizunguko ya mwanzo niliwaacha wote mbali. Halafu miguu ikawa si yangu. Wasichana wakaanza kunipita mmoja mmoja, hata wale niliokuwa nawashinda hapa Mbulu huku nacheka. Sikumaliza. Nilitoka uwanjani nikaenda kujilaza nyuma ya madarasa, uso chini. Babu yako akanikuta huko, akanifunika koti lake, akakaa chini karibu yangu. Hakusema neno mpaka lori lilipopiga honi.

Hayo unayajua. Yaliyofuata sijawahi kukusimulia, kwa sababu hayana hata sifa ya kushindwa mbele za watu.

Baada ya majuma machache, mwalimu mmoja wa riadha aliyekuwa Babati siku ile alipanda mpaka nyumbani kwetu. Alikuwa ameiona ile mizunguko yangu ya mwanzo. Mimi nilimwona mapema akiwa bado kule chini njiani, nikajificha kwenye ghala la mahindi. Nilimsikia kupitia fito za ukuta akimwambia babu yako, "Yule binti akifundishwa kujipima, atafika mbali. Naomba niongee naye."

Babu yako akasema, "Amekwenda Masieda kwa shangazi yake."

Sesi, wewe hukumjua vizuri babu yako. Alikuwa mtu ambaye akiuza ng'ombe humwonyesha mnunuzi kasoro kabla hajaulizwa. Siku hiyo alidanganya kwa ajili yangu, akamkaribisha mgeni chai, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi akasimama nje ya ghala. "Ameshaondoka," akasema. "Toka humo kabla panya hawajakuzoea."

Nikatoka. Sikukimbia tena.

Sisemi kwamba najutia maisha yangu. Nisingebaki hapa nisingempata baba yako, wala wewe, wala kaka zako. Lakini tangu siku ile nilikuwa mtu wa kujizuia. Akina mama wa kikundi chetu cha vitunguu saumu wameniomba mara nyingi niwe mwenyekiti, na kila mara nimesema hesabu zinanishinda, wakati hesabu zao zote huwa nazipiga mimi. Niliuita woga wangu busara, na watu wakanisifu kwa busara hiyo.

Halafu Mungu akanipa wewe, mtoto asiyejua kutembea. Ulitoka kutambaa ukaenda moja kwa moja kukimbia. Ukiwa darasa la sita ulikuwa unaiendesha ile baiskeli ya mzigo ya baba yako umepitisha mguu chini ya bomba, kwa sababu kwenye kiti ulikuwa hufiki. Mwalimu Bura wa mbio za baiskeli alikuona ukipanda huu mlima wetu na gunia la unga nyuma, unatoka mashineni kusaga, na hukushuka kusukuma. Alisimamisha pikipiki yake akakuuliza jina la baba yako. Unakumbuka ulivyokimbilia nyumbani ukidhani umefanya kosa barabarani?

Alikuja na ile baiskeli ya mbio iliyotumika, na juu ya usukani wake pakiwa na kile kidude kidogo kama kiberiti. Akatueleza kuwa ni kompyuta ya baiskeli. Inaonyesha kasi, inaonyesha umbali, na ukivaa ule mkanda kifuani inaonyesha moyo wako unavyopiga. Bibi yako alipokiona akauliza kisaa hicho kinaonyesha saa ngapi, na jina likabaki hilo, kisaa. Mwalimu Bura akakuambia mbele yetu, "Safari ikiwa ndefu, nusu ya kwanza namba hii ya moyo isipite mia moja na hamsini. Ikipita, punguza, hata kama wenzako wanakuacha. Hasa kama wenzako wanakuacha."

Nilimpenda Mwalimu Bura tangu siku hiyo, lakini kile kisaa sikukipenda. Nilikiona kama mtu mzima anayekaa mbele ya mtoto akimwambia usithubutu.

Na hapa ndipo nataka uelewe nilivyokuwa nafikiri, kwa sababu kosa la mzazi mara nyingi huanzia mbali. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejieleza habari ya Babati kwa namna moja. Nilijiambia kwamba sikushindwa kwa sababu niliondoka kwa kasi. Nilishindwa kwa sababu nilikata tamaa. Kwamba kama ningekaza roho kidogo tu, miguu ingerudi. Maelezo hayo yalinifariji, kwa hiyo sikuyachunguza. Nikayatunza, na siku ilipofika nikakupa wewe.

Yale mashindano ya kutoka Mbulu kwenda Katesh, unakumbuka jioni iliyoyatangulia. Ulikuwa umekaa hapa hapa ukijaribu mkanda, nikakuambia, "Hicho kitu kitakufanya mwoga. Kesho wakiondoka, ondoka nao."

Ukasema, "Lakini Mama, Mwalimu amesema nisiangalie wenzangu."

Nikasema, "Mwalimu hakukuzaa."

Hukubisha. Asubuhi, watu wakiwa wanajipanga pale mjini, ulikichomoa kisaa kwenye usukani, ukavua mkanda, ukavitia vyote kwenye mfuko wa sweta langu. Ulinitazama kidogo. Nikadhani unanishukuru.

Mimi nilipanda nyuma ya pikipiki ya mjomba wako Safari. Wale wasichana wawili wa Arusha waliondoka kama upepo, na wewe ukaondoka nao. Kule Dongobesh mlikuwa watatu mbele, wengine hawaonekani. Nikasimama kwenye vikanyagio vya pikipiki nikipiga kelele, "Kaza, Sesi, kaza," mpaka sauti ikakauka. Watu wa Maretadu walitoka mashambani kushangilia, na mimi nikawa nawaambia, huyo ni wangu, huyo ni wangu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nikiwa na umri wako. Nisipokuandikia hilo nitakuwa nakudanganya. Nilifurahi sana.

Baada ya hapo wasimamizi wakazuia pikipiki, wakasema vumbi linawaumiza waendeshaji, tukae nyuma mpaka waruhusu. Tulipoachiwa tulikwenda mwendo mrefu, tunateremka kuelekea Basotu, upepo wa tambarare unatupiga usoni, na Mlima Hanang umesimama mbele na wingu lake. Tukapita wasichana waliokuwa nyuma yako. Kisha tukapita wengine. Nilikuwa nasubiri kuliona shati lako la njano mbele kabisa.

Safari ndiye aliyeiona baiskeli mtaroni.

Ulikuwa chini ya mgunga, mbali kidogo na barabara. Mama mmoja wa Kibarbaig, mtu mzima, mwenye shanga na vazi lake la ngozi, alikuwa amekaa chini ameweka kichwa chako mapajani. Ng'ombe wake walikuwa wametawanyika, na yeye hakuwa na habari nao. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa, anakulowesha midomo taratibu, kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha ndama aliyefiwa na mama. Midomo yako ilikuwa myeupe. Ulikuwa unaita bibi, na ulipofungua macho hukunijua.

Nikapiga magoti. Hata shikamoo sikuitoa. Yule mama alinitazama, Kiswahili chake ni cha kuokota kama changu nilipokuwa mdogo, akaniuliza, "Nani anamfukuza huyu mtoto?"

Nikasema, "Hakuna anayemfukuza, mama. Ni mashindano."

Akatazama barabara upande mmoja, akatazama upande mwingine. Haikuwa na mtu. Akarudia, polepole, kama nimeshindwa kusikia, "Nani anamfukuza?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa sweta, na nilikuwa nimekishika kile kisaa.

Tulikupeleka zahanati, wakakuwekea maji ya mshipa, wakasema umeishiwa maji na nguvu, utapona. Ulilala mpaka jioni. Mimi nilikaa pembeni nikiwaza kuhusu babu yako. Miaka yote nilikuwa nimedhani alinyamaza nyuma ya yale madarasa kwa sababu ya aibu. Siku hiyo, nikiwa nimekaa kama alivyokaa yeye, nikajua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu anamtazama mwanawe akipumua na hana nafasi ya jambo lingine. Laiti angekuwa hai ningemwomba radhi kwa kumwelewa vibaya.

Ulipoamka nilikuambia, "Nilikosea mimi." Ukasema, "Najua, Mama," kisha ukaomba uji. Sijui kama ulisamehe au ulikuwa na njaa. Nimeamua kuamini vyote viwili.

Baadaye, tukiwa nyumbani, alikuja Mwalimu Bura. Nilitegemea anigombeze, na ningemshukuru kama angefanya hivyo. Alikunywa chai tu. Nikatoa kisaa mfukoni nikamwomba anifundishe mimi kukisoma. Si wewe, mimi. Akanifundisha pale kwenye meza yetu, baba yako akichungulia begani. Nilichoelewa ni hiki: mwili ni kama jiko. Ukitia majani makavu, moto unaruka mpaka darini na majirani wanauona, lakini maharage hayaivi. Ukitia kuni nzuri na kuzipanga, hakuna anayeusifia moto wako, na chakula kinaiva. Kile kisaa hakikuwa kinakuambia usithubutu. Kilikuwa kinakuonyesha unachoma majani au kuni.

Nilidhani somo limeishia hapo, kwamba mtu aende taratibu. Lakini na hilo nalo sikulielewa lote.

Uliporudi kwenye baiskeli ulikuwa mtu mwingine. Ulivaa mkanda bila kuambiwa, ulikitazama kisaa kila wakati, na ulikwenda polepole kiasi kwamba watoto wa shule walikukimbilia pembeni wakikuuliza unakwenda wapi. Mimi nilifurahi. Nilisema mtoto amejifunza. Siku moja mlikwenda Dongobesh mkarudi, Mwalimu Bura akafungua kumbukumbu za kisaa, akanionyesha mstari wa moyo wako ulipokuwa unapanda mlima. Mstari ulikuwa chini, umelala, kama wa mtu anayechuma mboga.

"Mama Sesilia," akaniambia, "hii si namba ya mtu aliyechoka. Ni namba ya mtu anayejizuia. Mwanao ana nguvu nyingi sana hapa, lakini hazigusi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye shamba la vitunguu, nikajifanya nang'oa magugu. Kwa sababu nilikuwa nimeuona ule mstari, na niliujua. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipotoka ghalani.

Jioni ile ulikuwa unapepeta mahindi. Nikakuuliza, ukifika kwenye mlima unawaza nini. Ukasema, "Naona ule mti, Mama. Nikianza tu kuhema, naona ule mti."

Ningeweza kukuambia usiogope. Watu wote hutuambia tusiogope, na hakuna anayetuonyesha tuanzie wapi. Nikakuambia tu, "Mimi sisemi kaza, wala sisemi polepole. Siku ile nilisema, na ukaniamini. Sasa mimi nanyamaza. Kitazame kisaa. Kikisema nguvu bado ipo, basi ipo."

Ukauliza, "Na kama kinakosea?"

Nikasema, "Utashuka, utakaa kando ya barabara, nitakuja na uji."

Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka jambo la baiskeli tangu Basotu. Kesho yake ulipanda huu mlima wetu na ukafika juu umeshika goti, unahema kama ng'ombe wa jembe, na ukanionyesha namba kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

Mchujo wenyewe wa kupata watakaojiunga na timu kule Arusha, kutoka Katesh kurudi Mbulu, wewe uliuendesha, kwa hiyo hujui ulivyoonekana kwa mtu aliye nyuma. Nitakueleza. Waliondoka kama kawaida yao, na wewe ukabaki. Si nyuma kidogo, nyuma kabisa. Nilikuwa nimeshika kiuno cha Safari, na maneno yalikuwa yamejaa mdomoni mpaka nikauma ncha ya mtandio wangu. Mjomba wako akageuza kichwa akasema, "Dada, ukimpigia kelele nakushusha hapa hapa utembee mpaka Mbulu." Sikupiga kelele. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimezaa watoto watatu.

Nilikuona unakitazama kisaa, unakunywa maji, unatoa kiazi mfukoni unakula kama mtu aliye sokoni. Pale penye mgunga nilifumba macho. Wewe ulipita. Upepo wa tambarare uliwatesa waliokuwa mbele, na tulipoanza kupandisha nikaona shati la kwanza, mbali, linayumba. Ukalifikia ukalipita. Kisha la pili. Hukuongeza mwendo kwa kishindo, ulikuwa tu hupungui, wao ndio walikuwa wanapungua. Ule mpando wa mwisho wa kuingia mjini, nilikuona unainama unatazama namba, unanyanyuka kwenye kiti, na unaenda. Nilijua huo ndio mlima uliokuwa unauogopa. Nikalia mgongoni mwa Safari mpaka shati lake likalowa, naye hakusema kitu, na mjomba wako si mtu wa kuacha nafasi ya kusema kitu.

Ulikuja wa tatu, na walikuwa wanatafuta watatu. Yule kocha wa timu alitazama kumbukumbu za kisaa kwa muda mrefu, akakuuliza, "Nani amekufundisha kujipima hivi?"

Ukamwambia, "Niliwahi kuanguka."

Nilikuwa nimesimama karibu. Ungeweza kusema mengi zaidi, ungeweza kusema ni mama alinisukuma. Ulisema hayo mawili, ukafunga kamba ya kiatu. Asante, mwanangu.

Kwa hiyo unakwenda Arusha. Huko watakuwapo wenye baiskeli nyepesi kuliko yako na visaa vikubwa kuliko chako, na watakaokuambia uende kasi kwa sababu zao, na watakaokuambia ubaki nyuma kwa sababu zao. Wasikilize kwa heshima. Wengine watakuwa wanakupenda kweli, kama mimi nilivyokupenda asubuhi ile mjini. Kupendwa hakumfanyi mtu awe na jibu sahihi. Ukipata nafasi jioni, kaa peke yako ujiulize kama kasi uliyokwenda siku hiyo ilikuwa yako. Kama haikuwa, si dhambi. Kesho yake utarekebisha.

Na ukianguka, maana mtu wa baiskeli huanguka, usijifiche ghalani. Hilo ndilo ombi langu pekee. Mtu akija kukutafuta, toka nje hata kama umefura macho, umwambie, shikamoo mwalimu, ni mimi. Nimewaambia akina mama wa kikundi kwamba nitakuwa mwenyekiti. Walishangaa, halafu mmoja akasema walikuwa wameshachoka kuniomba, walikuwa karibu kumchukua mtu mwingine. Nilikaribia kuchelewa hata huko.

Jua linaondoka na mkono umechoka, lakini kuna jambo dogo la kukuambia kabla hujaligundua mwenyewe ukaona ni hitilafu.

Jana, ulipokuwa mazoezi ya kwaya, nilichukua baiskeli yako. Baba yako alinishikia mpaka nikakaa sawa, akakimbia pembeni hatua chache kama alivyokufanyia wewe, akaniachia. Nilivaa mkanda juu ya sketi, ukateleza, nikausogeza kifuani kama unavyouvaa wewe. Nilikwenda mpaka mashineni na kurudi. Mzee wa mashine aliniambia, "Mama Sesilia, umepatwa na nini?" nikamwambia sijambo. Kwenye mlima namba ilipanda mpaka kisaa kikaanza kulia, nikapunguza, kikanyamaza, nikaendelea. Sikushuka kusukuma.

Sikujua kukizima. Nilikichomoa nikakiweka juu ya rafu karibu na chumvi, nikaanza kupika makande, na mkanda nikausahau kifuani. Kwa hiyo ukifungua kumbukumbu utakuta safari moja ambayo si yako. Fupi, ya polepole, moyo uko juu sana kuliko mwendo. Halafu utaona mtu amesimama mahali pamoja kwa muda mrefu, moyo unapiga taratibu. Hapo nilikuwa nachochea kuni. Na mwishoni utaona mapigo yanapanda ghafla, ingawa sijasogea hata hatua. Usishangae, na tafadhali usiifute. Hapo nilikusikia unafungua geti unaimba, nikakumbuka kwamba keshokutwa hutakuwapo kulifungua.

Nenda, Sesi.

Mama yako